Germaniumu: asilimia 7 iliyopotea na mlima wa Lubumbashi

Leo nataka kuwaelezea namba moja. Namba yenyewe ni 7. Katika historia yote ya kemia sijaona namba ndogo iliyofanya kazi kubwa kama hiyo. Kwa sababu ya asilimia 7 tu iliyokosekana kwenye hesabu ya mtu mmoja kule Ujerumani, dunia ilipata elementi mpya. Elementi hiyo ndiyo ilifungua mlango wa redio ndogo, wa kompyuta, na leo iko ndani ya nyuzi za kioo zinazotuletea intaneti. Na elementi hiyo hiyo iko hapa kwetu Katanga, imelala ndani ya mlima mweusi ambao kila mtu wa Lubumbashi anaufahamu.

Inaitwa germaniumu. Alama yake ni Ge, namba yake ni 32. Wengi wetu tuliipita darasani mbio mbio, kwa sababu haiko katika mtihani wa serikali mara nyingi. Kila siku tunazungumza kobalti, shaba, koltani, na siku hizi lithiamu ya Manono. Germaniumu, nani anaiulizia? Basi mimi nimeamua kuiulizia.

Nafasi tupu kwenye jedwali

Tuanze na yule mzee wa Urusi, Dmitri Mendeleev. Mwaka 1869 alitoa jedwali lake la elementi, lile tunaloita mpaka leo tableau ya Mendeleev. Wakati ule elementi zilizojulikana zilikuwa zaidi kidogo ya 60. Watu wengine nao walikuwa wamejaribu kuzipanga, si yeye peke yake. Lakini yeye alifanya kitu ambacho wengine hawakuthubutu: pale ambapo elementi haikukaa vizuri katika mstari, hakuisukuma kwa nguvu. Aliacha nafasi tupu. Akasema, hapa kuna elementi ambayo bado hatujaiona.

Mwaka 1871 akaenda mbali zaidi. Alichukua nafasi tatu tupu akaeleza tabia za elementi ambazo hakuna mtu duniani aliyewahi kuzishika mkononi. Moja ilikuwa chini ya alumini, nyingine chini ya boroni, na ya tatu chini ya silikoni. Hii ya tatu aliiita eka-silikoni. "Eka" ni neno la Kisanskriti lenye maana ya "moja", yaani hatua moja chini ya silikoni. Alisema itakuwa na uzito wa atomu karibu 72, densiti ya 5.5, rangi ya kijivu iliyokolea. Oksidi yake itakuwa na densiti ya 4.7. Kloridi yake itakuwa kimiminika kinachochemka chini kidogo ya nyuzi 100.

Watu wengi waliona ni maneno matupu. Utamwelezaje mtu sura ya mtoto ambaye hajazaliwa? Lakini mwaka 1875 Mfaransa Lecoq de Boisbaudran akaipata galiumu, ile iliyotabiriwa chini ya alumini. Mwaka 1879 Mswidi Nilson akaipata skandiumu, ile ya chini ya boroni. Ikabaki moja: ile ya chini ya silikoni.

Bwana Winkler na hesabu isiyokubali

Sasa twende Freiberg, mji wa migodi katika jimbo la Saxony, Ujerumani. Ni mji unaofanana kidogo na miji yetu ya Katanga: watu walichimba fedha tangu karne ya 12, na kuna chuo cha madini kilichoanzishwa mwaka 1765. Mwaka 1885, katika mgodi uitwao Himmelsfürst, wachimbaji walipata jiwe ambalo hawakulijua. Profesa wa madini wa chuo kile, Albin Weisbach, aliliangalia, akaona ni madini mapya, akayapa jina la argirodaiti kwa sababu yalikuwa na fedha nyingi ndani. Kisha akampelekea mwenzake wa kemia, Clemens Winkler, ampimie.

Winkler alikuwa mtu wa labo kweli kweli. Kabla ya kuwa profesa alifanya kazi kwenye viwanda vya rangi ya buluu ya kobalti, mahali ambapo ukikosea kupima, mali ya tajiri inaharibika. Alilipasua jiwe lile akalipima sehemu kwa sehemu. Fedha: karibu robo tatu ya uzito wote. Salfa: kama asilimia 17. Chuma, zebaki na zinki: kidogo sana. Akajumlisha. Jumla ikafika asilimia 93 hivi.

Akarudia. Asilimia 93. Akarudia tena. Ile ile. Kila mara asilimia 6 au 7 ilikuwa inayeyuka tu, haionekani inakoenda.

Hapa naomba tusimame kidogo, kwa sababu hapa ndipo kiini cha habari yote. Yeyote kati yetu aliyewahi kufanya TP ya uchambuzi anajua jaribu lililopo. Jumla ikitoka 93, unaandika "makosa ya majaribio", unaweka sahihi, unaenda kula. Wengine wanapanda mbele zaidi: wanasawazisha namba ili zifike 100, ripoti ionekane nzuri. Winkler hakufanya hivyo. Alikuwa na imani na mizani yake. Alijiambia: kama mimi nimepima vizuri, basi kinachokosekana kipo kweli, ila njia zangu hazikishiki.

Alifanya kazi usiku na mchana kwa miezi kadhaa. Shida ilikuwa hivi: salfidi ya elementi ile ngeni ina tabia ya ajabu. Ukiwa na asidi kidogo, inabaki imeyeyuka majini, na unapochuja na kuosha, inaenda na maji unayoyamwaga. Mpaka siku aliyomimina asidi nyingi ya kloridi ndipo ikashuka, unga mweupe, laini. Akaupasha moto katika mkondo wa hidrojeni, akabaki na unga wa kijivu. Ilikuwa tarehe 6 Februari 1886. Asilimia 7 iliyopotea sasa ilikuwa kwenye kisahani mbele yake.

Jina alilolitaka kwanza lilikuwa neptuniumu, kwa mfano wa sayari ya Neptune ambayo nayo ilitabiriwa kwa hesabu kabla ya kuonekana kwa darubini. Lakini jina lile lilikuwa limeshatumiwa na mtu mwingine, kwa hiyo akachagua germaniumu, kwa heshima ya nchi yake. Jambo la kuchekesha ni kwamba mwanzoni hata wakubwa walibishana elementi hii ikae wapi. Winkler mwenyewe alifikiri ni ya nafasi nyingine, karibu na antimoni. Mendeleev naye alifikiri ni ya chini ya kadmiumu. Vipimo ndivyo vilivyoamua. Uzito wa atomu: 72.6, Mendeleev alisema 72. Densiti: 5.47 kwa kipimo cha Winkler (leo tunasema 5.32), Mendeleev alisema 5.5. Oksidi: 4.7, kama alivyosema. Kloridi: inachemka kwenye nyuzi 86, kimiminika kama alivyosema. Ilikuwa ni eka-silikoni mwenyewe. Baada ya hapo, wale waliolicheka jedwali walinyamaza.

Ni kitu cha namna gani?

Ukiona kipande cha germaniumu utasema ni chuma. Kinang'aa, cheupe cha kijivu. Lakini ukikigonga na nyundo hakikunjiki, kinavunjika kama sahani. Kinayeyuka kwenye nyuzi 938. Kikiganda kinapanuka, kama maji yanavyofanya yakiwa barafu, jambo ambalo elementi chache tu zinalifanya.

Ajabu ya kwanza ni umeme. Shaba inapitisha umeme vizuri, kioo hakipitishi. Germaniumu iko katikati, ni nusu-kipitishi. Na unaweza kuiamuru: ukiichanganyia chembe chache sana za elementi nyingine, arseniki kwa mfano, au galiumu, inabadilika jinsi inavyopitisha. Chembe moja katika milioni inatosha kuleta tofauti. Kwa hiyo anayetaka kuitumia lazima kwanza aisafishe kwa kiwango ambacho kabla ya hapo hakuna kiwanda kilichowahi kukifikia, kisha arudishe uchafu kwa kipimo anachotaka.

Ajabu ya pili ni mwanga. Weka kipande cha germaniumu mbele ya jicho, huoni kitu, ni kama ukuta. Lakini miale ya joto, ile ya infraredi ambayo jicho letu halioni, inapita ndani yake kama jua linavyopita dirishani. Ndiyo maana kamera zinazoona joto gizani zina lenzi za germaniumu: zile za wazima moto wanaotafuta mtu ndani ya moshi, za mafundi wanaotafuta waya unaochemka, na pia, tusifichane, za majeshi yanayopigana usiku.

Ajabu ya tatu, ambayo kwetu ndiyo kubwa: germaniumu haina mgodi wake. Hakuna mtu anayeamka asubuhi akachukua koleo kwenda kuchimba germaniumu. Inajificha kwa kiasi kidogo ndani ya madini ya zinki, ndani ya shaba ya aina fulani, na ndani ya makaa ya mawe. Inapatikana tu pale ambapo mtu anachimba kitu kingine, halafu anakuwa na akili ya kuuliza: na humu ndani kuna nini tena?

Miaka sitini ya usingizi, kisha redio

Baada ya 1886 germaniumu ilikaa miaka karibu 60 bila kazi ya maana. Walimu waliitaja darasani kuonyesha kwamba Mendeleev alikuwa sahihi, basi. Vita vya pili vya dunia ndivyo viliiamsha. Rada zilihitaji kifaa kidogo cha kukamata mawimbi mafupi sana, na watafiti wa Chuo Kikuu cha Purdue, Marekani, walijifunza kuisafisha germaniumu kwa ajili hiyo.

Vita vikaisha, ujuzi ukabaki. Mwezi wa Desemba 1947, katika maabara za Bell kule New Jersey, John Bardeen na Walter Brattain, katika kikundi kilichoongozwa na William Shockley, walichukua kipande cha germaniumu, wakagandamiza juu yake ncha mbili za dhahabu zilizokaribiana sana, wakaona kwamba umeme mdogo unaoingia upande mmoja unatoka mkubwa upande wa pili. Hicho ndicho kilikuwa transista ya kwanza. Mwaka 1956 hao watatu walipewa tuzo ya Nobel.

Wazee wetu wanaikumbuka bila kujua. Zamani redio ilikuwa sanduku kubwa lenye taa za kioo ndani, linakula umeme, linakaa sebuleni kwa mtu mwenye mali. Mwaka 1954 huko Marekani ikauzwa redio ya mfukoni yenye transista nne za germaniumu. Kutoka hapo redio ndogo za betri zikasambaa dunia nzima, zikafika vijijini ambako hakuna umeme. Na hapa kwetu watu wakaipa redio yenyewe jina la kile kidude cha ndani: transista. Nilipokuwa mtoto nilisikia babu akisema "leta transista yangu nisikilize habari", na nilifikiri ni jina la kampuni.

Mwaka 1958 Jack Kilby wa Texas Instruments alitengeneza saketi ya kwanza iliyounganishwa kwenye kipande kimoja. Nayo ilikuwa ya germaniumu. Yaani babu wa kichipu kilicho kwenye simu yako ni huyu.

Halafu silikoni ikampokonya kiti. Sababu ni mbili kubwa. Germaniumu haivumilii joto: ikifika nyuzi 75 hivi inaanza kuvujisha umeme. Na oksidi yake inayeyuka majini, wakati oksidi ya silikoni ni ngumu na inalinda kifaa. Tena silikoni iko kila mahali, ni mchanga. Kwa hiyo kufikia mwisho wa miaka ya 1960, vifaa vingi vilihamia silikoni.

Lakini germaniumu haikufa. Ilibadilisha kazi. Leo, ukituma ujumbe wa WhatsApp kwenda Kinshasa au Brussels, mahali fulani njiani unapita kama mwanga ndani ya uzi wa kioo. Moyo wa uzi ule umewekwa oksidi ya germaniumu kidogo, na ndiyo inayozuia mwanga usitoroke pembeni. Paneli za jua za satelaiti nyingi zimejengwa juu ya kisahani chembamba cha germaniumu. Inatumika kama kichocheo katika kutengeneza plastiki ya chupa za maji, hasa Japani. Vichipu vya mawasiliano ndani ya simu vina mchanganyiko wa silikoni na germaniumu. Na maabara zinazopima mionzi zina vihisio vya germaniumu safi sana.

Tahadhari moja, kwa sababu najua inauzwa pia mitandaoni: kuna bangili, vidonge na maji "ya germaniumu" yanayosemwa eti yanatibu kila ugonjwa. Germaniumu si chakula cha mwili. Mwili wetu hauihitaji kwa kazi yoyote inayojulikana, na watu waliokunywa chumvi na oksidi zake kwa muda mrefu waliharibika figo, wengine walikufa. Anayekuuzia muulize maswali ya labo.

Kipushi, jiwe la rangi ya chungwa

Sasa turudi nyumbani. Kilomita kama 30 kutoka Lubumbashi, kwenye mpaka wa Zambia, kuna Kipushi. Wenyeji walichimba shaba pale kabla ya wakoloni. Union Minière du Haut-Katanga ilifungua mgodi mkubwa chini ya ardhi katika miaka ya 1920, ikauita Mine Prince Léopold. Kipushi si shaba tu: ni shaba na zinki pamoja, tena zinki nyingi kupita kawaida. Na mahali penye zinki, kumbuka, ndipo rafiki yetu anapopenda kujificha.

Ndani ya mgodi ule kulikuwa na jiwe la rangi ya chungwa na shaba iliyokolea. Kwa miaka wataalamu walilipita wakiliita borniti ya chungwa, yaani aina tu ya madini ya shaba ambayo tayari wanayajua. Mwaka 1948, mwaka ule ule transista ilipotangazwa kwa dunia, lilichunguzwa vizuri na kuelezwa kuwa madini mapya, likaitwa reniereti, kwa jina la Armand Renier, mwanajeolojia wa Ubelgiji. Ndani ya jiwe lile kulikuwa na germaniumu. Mpaka leo, ukifungua kitabu chochote cha madini, utakuta imeandikwa kwamba mahali lilipopatikana kwanza ni Kipushi. Linabeba jina la Mbelgiji, lakini ni mtoto wa pale.

Kati ya 1956 na 1978 Kipushi ilitoa karibu tani 278 za germaniumu. Msicheke mkifikiri ni kidogo. Kobalti tunahesabu kwa maelfu na maelfu ya tani. Germaniumu yote inayosafishwa duniani kwa mwaka mmoja inakadiriwa kuwa tani mia na kidogo tu. Ukiipakia, inaingia kwenye kamyo tano za tani 30. Nyote mmeona foleni ya Kasumbalesa: kamyo tano pale hata huzioni. Na bado bila kamyo hizo tano, nyuzi za intaneti na satelaiti za dunia nzima zinayumba.

Mlima tulioufanya kuwa picha

Lakini tani 278 ni ile iliyohesabiwa. Iliyobaki ilienda wapi?

Tanuru la Lubumbashi lilimimina shaba yake ya kwanza mwaka 1911. Kwa miaka mingi liliyeyusha madini ya kutoka Kipushi. Tanuru linatafuta shaba. Shaba inashuka chini, inachotwa, inapakiwa kwenye treni. Vile ambavyo havitakiwi vinaelea juu, vinamwagwa nje vikiwa vyekundu kama moto, vinaganda vyeusi. Waswahili wa zamani walikuwa na neno kali kwa kitu hicho: mavi ya chuma. Siku baada ya siku, mwaka baada ya mwaka, mavi ya shaba yakapanda mpaka yakawa mlima. Ndio ule terril, pembeni ya bomba refu la moshi. Zinki iliingia humo. Kobalti iliingia humo. Na germaniumu iliingia humo, nyingine ikapanda na moshi.

Mlima ule tumeuchora kwenye picha za ukutani, tumeupiga picha za harusi, umekuwa alama ya mji. Mimi nimekua nikiuona kila nikipita kwenda mjini, na hakuna mwalimu aliyewahi kutuambia kwamba ndani yake kuna kitu kutoka kwenye jedwali lililoning'inia ukutani mwa darasa letu. Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Ndicho kilichotokea. Mali haikuibiwa usiku. Ilimwagwa mchana kweupe, mbele ya macho ya watu wote, kwa sababu kwenye daftari la kiwanda haikuwa na mstari wake.

Mnaweza kusema: wale wa 1911 wasingejua, germaniumu haikuwa na kazi wakati ule. Ni kweli, na mimi siwashitaki kwa hilo. Ninachosema ni kwamba Winkler naye hakujua itafaa nini. Alitafuta asilimia 7 kwa sababu hesabu haikukubali, siyo kwa sababu ya bei.

Mgodi wa Kipushi ulisimama mwaka 1993, ukakaa karibu miaka 30 ukipigana na maji tu. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 kiwanda kilijengwa kando ya mlima wa Lubumbashi ili kuyeyusha tena mavi yale na kutoa kobalti na shaba iliyobaki. Mwaka 2018, amri ya serikali ya mwezi wa Novemba iliweka germaniumu, pamoja na kobalti na koltani, kwenye orodha ya madini ya kimkakati, na kodi ya uchimbaji ikapanda hadi asilimia 10. Mwaka 2024 Kipushi ilianza tena kutoa zinki. Na mwaka huo huo STL, kampuni tanzu ya Gécamines inayoshughulikia mlima ule, ilituma nje shehena ya kwanza ya germaniumu iliyokusanywa kutoka kwenye terril.

Iliituma wapi? Ubelgiji, kwa kampuni ya Umicore. Wanaosoma historia watakumbuka kwamba Umicore ni jina jipya, tangu 2001, la ile ile Union Minière. Dunia ni duara kweli. Lakini tuseme pia ukweli wote: viwanda vyenye uwezo wa kuisafisha germaniumu mpaka kiwango cha satelaiti ni vichache mno duniani. Uchina peke yake ndiyo inasafisha sehemu kubwa zaidi, na Agosti 2023 ilipoanza kudai kibali kwa kila shehena inayotoka, wanunuzi wa Ulaya na Marekani walianza kutafuta mlango mwingine. Mmoja wa milango hiyo ni mlima wetu.

Nani anashika mizani?

Hapa nataka kuongea na nyinyi wanafunzi hasa. Madini yanapouzwa kama unga uliorutubishwa, bei haitokani na rangi ya unga. Inatokana na karatasi ya uchambuzi. Muuzaji anachukua sampuli anapima kwenye labo yake. Mnunuzi anachukua sampuli ile ile anapima kwenye labo yake. Wakitofautiana kupita kiasi walichokubaliana, sampuli ya tatu iliyofungwa kwa lakiri inaenda kwa labo ya msuluhishi. Kilichoandikwa kwenye karatasi na kwenye mkataba kinalipwa. Kisichoandikwa kinapanda kamyo bure, na huko kinakoenda kuna mtu mwenye labo anakingoja.

Kwa hiyo mambo haya hayaishii kwa waziri na kwa mkurugenzi. Yanaanza kwa kijana au binti aliyevaa blouse nyeupe, anayeambiwa "pima shaba na kobalti tu", naye anajumlisha anapata 93. Mwaka 1948, reniereti ilipopewa jina, Kongo nzima haikuwa na chuo kikuu hata kimoja. Lovanium ilianza 1954, na chuo cha Lubumbashi kilianzishwa 1955. Mtu wetu hakuweza kuwa mezani pale labo, mlango ulikuwa umefungwa. Leo mlango uko wazi. Kila mwaka tunatoa wakemia, wanajeolojia, watu wa métallurgie. Sababu ile ya 1948 haipo tena.

Najua jibu litakalokuja: "Labo zetu hazina vifaa." Ni kweli, na mimi nimesoma TP nyingi kwa kuchora ubaoni vifaa ambavyo sikuvishika. Lakini tukumbuke kwamba Winkler hakuwa na mashine hata moja ya zile tunazozililia. Alikuwa na mizani nzuri, asidi, moto, karatasi ya kuchujia, na tabia ya kutokubali jumla isiyofika 100. Mizani inanunuliwa. Tabia haiuzwi popote.

Na kazi si ya wakemia peke yao. Wa sheria, mkisoma mkataba wa madini angalieni mstari unaosema nini kuhusu vitu vinavyoambatana na madini makuu: nani mwenye navyo, nani anavilipia. Wa uchumi, hesabuni tofauti kati ya unga unaotoka Lubumbashi na kisahani kinachotoka Ubelgiji, mtuonyeshe katikati pale kuna kazi ngapi. Wa historia, tafuteni wazee waliofanya kazi ndani ya Kipushi na kwenye tanuru, wangali wapo wachache, waulizeni lile jiwe la chungwa waliliitaje wenyewe. Sina shaka lilikuwa na jina kabla ya Bwana Renier.

Anayefanya mémoire mwaka huu kuhusu terril, au kuhusu majivu na matope mengine yaliyolala Likasi na Kolwezi, atuandikie hapa tumsome. Aanze na swali dogo tu: jumla yako imefika ngapi?